Hofu ya Kuzeeka na Suala la Mpokeaji: Kutoka Walikale na Ukerewe hadi Mushaki

1. Utangulizi

Katika uhakiki wa fasihi yetu, mhusika mzee amezoea kupewa kazi moja tu, nayo ni kushauri. Hutokea pembeni mwa hadithi, akatoa neno la hekima, akataja methali, kisha akawapisha vijana waendelee na mambo yao. Mhakiki naye humpokea jinsi alivyo. Humwita mwakilishi wa jadi, kisha hugeukia ndoa, ukoloni, mji au matabaka. Ni mara chache tunauliza mzee huyu mwenyewe anaogopa nini, na kabla hajawa mzee alitarajia nini.

Makala haya yanakusudia kuliuliza swali hilo kwa kuchunguza kazi chache: utendi wa Mwindo wa Wanyanga wa Walikale, riwaya ya Aniceti Kitereza wa Ukerewe, na maandishi ya Mwana Kupona na Shaaban Robert wa pwani. Huenda msomaji akastaajabu kuona kazi za asili mbalimbali namna hii zikiwekwa pamoja, mojawapo ikiwa haikutungwa kwa Kiswahili kabisa. Uteuzi huu umetokana na swali lenyewe, ambalo tunaliuliza tukiwa na Mushaki akilini, mahali ambapo namna ya kuzeeka iliyozoeleka imevurugika. Kwa sababu hiyo tumezitafuta kazi zinazosema jambo juu ya namna hiyo, bila kujali zilitungwa wapi.

Hoja yetu ni hii. Katika kazi hizi hofu ya kuzeeka si hofu ya mvi, wala ya maumivu ya viungo, wala hata ya kifo chenyewe. Ni hofu inayomhusu mpokeaji, yaani yule atakayeyapokea mamlaka, jina, ardhi, maarifa au maneno ya anayezeeka. Shemwindo anaogopa kwamba mpokeaji atakuja mapema mno. Myombekere anaogopa kwamba hatakuja kamwe. Mwana Kupona na Shaaban Robert wanatambua kwamba muda wa kumkabidhi huenda usitoshe. Baada ya kuzipitia hofu hizo tatu tutaonyesha hofu ya nne, ambayo kazi hizi hazikuijua, na ambayo fasihi yetu inadaiwa kuieleza.

2. Maneno ya uzee

Kabla ya kuingia katika kazi zenyewe, yafaa tuyatazame maneno. Kitenzi kuzeeka kimeundwa kutokana na kivumishi -zee, kama vile kufupika kutokana na -fupi. Kinaeleza jambo linalompata mtu bila yeye kulitenda. Hata hivyo, nomino mzee haikubaki katika uwanja huo wa mwili na miaka. Katika mji wa Goma, mtu wa miaka 30 aliyeajiri vijana wawili huitwa "muzee" na vijana hao, wala hakuna anayeona ajabu. Neno hili halihesabu miaka. Linaonyesha nafasi ya mtu mmoja mbele ya mwingine.

Kwa upande wa wanawake mambo ni tofauti. Kiswahili kinalo neno ajuza, lakini hakuna mtu mwenye adabu anayemwita mwanamke hivyo mbele ya uso wake. Kizee na kikongwe nayo ni maneno ya kumsema mtu asiyekuwapo. Mwanamke aliyezeeka huheshimiwa kwa majina ya ukoo: bibi, nyanya, mama. Majina haya yana sharti ndani yake, kwa kuwa hakuna nyanya pasipo mjukuu, hata kama mjukuu huyo ni wa kuazima kwa jirani. Hivyo lugha yenyewe imekwisha kutuambia kwamba uzee ni uhusiano. Mtu huwa mzee kwa mtu fulani. Anayezeeka pasipo mtu wa kumwita mzee au nyanya amebakiwa na miaka bila cheo.

3. Shemwindo: mpokeaji anayekuja mapema

Utendi wa Mwindo ulisimuliwa mwaka 1956 na Candi Rureke, msimulizi wa Kinyanga, ukaandikwa na Daniel Biebuyck, na kuchapishwa mwaka 1969 kwa ushirikiano wa Biebuyck na Kahombo Mateene. Wahakiki wengi huusoma kwa kumfuata shujaa: kuzaliwa kwake kwa maajabu, fimbo yake ya manyoya, safari zake majini na kuzimu. Sisi tunapendekeza usomwe kwa kumfuata baba.

Shemwindo ni mtawala wa Tubondo mwenye wake saba. Anawakataza wote kuzaa mtoto wa kiume, akitangaza kwamba mtoto wa kiume atauawa. Sita wanazaa wasichana. Wa saba, Nyamwindo, anamzaa Mwindo. Mtu anaweza kulieleza katazo hilo kwa mahari, kwa kuwa mabinti huleta mali na wana wa kiume huitoa. Maelezo hayo yana ukweli, lakini hayatoshi. Kama shida ingekuwa mali peke yake, mtoto mmoja wa kiume katika nyumba ya mabinti sita asingelifilisi jumba. Shemwindo hamwachi mtoto huyu aishi hata kwa unyonge. Anamrushia mkuki, anamzika, anamfungia ndani ya ngoma na kumtupa mtoni. Juhudi kubwa namna hii hazifanywi na mtu anayehesabu mbuzi. Zinafanywa na mtu aliyemwona mrithi wake akaelewa kwamba, tangu siku hiyo, utawala wake una mwisho.

Kwa mtazamo huu, Shemwindo ni mtu anayezeeka na anayekataa kuzeeka. Anajaribu kuusimamisha wakati kwa amri. Ukali wake wote ni wa mtu anayeona kwamba kuzaliwa kwa mwana ni tangazo la kuondoka kwake mwenyewe.

Lililo muhimu zaidi ni suluhisho la utendi. Mwindo anamfuatia baba yake hadi kuzimu, anamrudisha, wala hamuui. Unaitishwa mkutano mkubwa Tubondo, na hapo Iyangura, dada yake Shemwindo, anasema wazi mbele ya watu juu ya ubaya wa ndugu yake. Shemwindo anakiri makosa. Mwishowe nchi inagawanywa, mwana akapata mlima wake na baba akabaki na mlima wake. Msimulizi angeweza kumaliza kwa kisasi, na wasikilizaji wangeridhika. Badala yake ameichagua njia iliyo ngumu, ambayo baba hafi ili mwana atawale, wala mwana hangoji kufa kwa baba ili awe mtu. Hofu ya Shemwindo haikuwa na msingi, kwa kuwa mpokeaji aliyeogopwa ndiye aliyemhifadhi.

Tuizingatie njia hiyo, kwa maana tutairudia: suluhisho la Tubondo linahitaji milima miwili.

4. Myombekere: mpokeaji asiyekuja

Tukitoka Walikale kwenda Ukerewe, katika Ziwa Viktoria, tunakuta hofu iliyo kinyume chake. Riwaya ya Aniceti Kitereza, Bwana Myombekere na Bibi Bugonoka, Ntulanalwo na Bulihwali, iliandikwa kwanza kwa Kikerewe na kukamilishwa mwaka 1945. Mwandishi mwenyewe aliitafsiri kwa Kiswahili, na Tanzania Publishing House ikaichapisha mwaka 1980.

Myombekere na mkewe Bugonoka hawana mtoto. Ndugu wa mume wanasema maneno, wazazi wa mke wanamchukua binti yao, na mume anabaki peke yake katika nyumba isiyo na moto wa kupikia. Anakwenda kwa wakwe kuomba radhi, anatozwa pombe ya ndizi, analipa, anarudishiwa mkewe, kisha wote wawili wanatafuta dawa kwa mganga Kibuguma. Hatimaye anazaliwa Ntulanalwo, kisha Bulihwali. Majina hayo, kwa Kikerewe, yanabeba kumbukumbu ya kifo na ya huzuni isiyojulikana itakoma lini. Hata furaha ya kupata mtoto imepewa jina la hofu iliyoitangulia.

Wasomaji wengi huona riwaya hii kuwa ni hadithi ya ndoa na uaminifu. Ni kweli, kwa kuwa Myombekere hakubali kumwacha mkewe. Lakini tuulize ni nini kinachowasukuma ndugu zake kuyasema yale wanayoyasema. Hawamwoni tu kijana asiye na mtoto leo. Wanamwona mzee wa kesho asiye na wa kumchotea maji, asiye na wa kumzika, na jina lake likifungwa pamoja naye. Shemwindo aliogopa mwana atakayesimama mahali pake. Myombekere anaogopa kwamba mahali pake hapatasimama mtu.

Riwaya hii pia imelaumiwa kwa wingi wa maelezo. Inaeleza kwa utaratibu namna ya kutengeneza pombe, kuvua, kujenga, kusalimiana, kuwapokea wakwe na kuuguza mgonjwa. Msomaji wa leo, aliyezoea riwaya iendayo mbio, huweza kuchoka. Baadhi husema kwamba hapo mwandishi anamwacha mtunzi wa hadithi na kuwa mwandishi wa mila. Sisi tunaona kwamba lawama hiyo haikulenga. Kitereza, aliyezaliwa mwaka 1896, hakubakiwa na mtoto hata mmoja kati ya wale aliowazaa na mkewe. Mambo ambayo baba humwonyesha mwanawe kwa mkono, kidogo kidogo kwa miaka mingi, yeye hakuwa na wa kumwonyesha. Tukiyasoma maelezo hayo kwa kulikumbuka jambo hilo, hayawi tena mapambo wala ukawiaji wa hadithi. Ni makabidhiano. Mwandishi amemtengeneza mpokeaji ambaye maisha hayakumpa, naye ni msomaji, na anamfundisha kusuka, kuvua na kuomba radhi kama anavyofundishwa mtoto wa nyumbani.

Makabidhiano hayo yalicheleweshwa mno. Kati ya kukamilika kwa mswada na kuchapishwa kwa kitabu ilipita miaka 35. Mwandishi alikuwa na miaka 84 hivi kitabu kilipotoka, naye akafariki mwaka uliofuata, 1981. Hapa hofu ya mhusika na hofu ya mtunzi zinakutana. Myombekere alipata watoto akiwa angali na nguvu. Kitereza alilazimika kungoja hadi ukongwe ili mswada wake upate wa kuupokea.

5. Mwana Kupona na Shaaban Robert: muda usiotosha

Pwani inatupa sura ya tatu ya hofu, ambayo mpokeaji yupo na anajulikana kwa jina, lakini muda ni mfupi. Mwana Kupona alitunga utendi wake mwaka 1858 kwa ajili ya bintiye, akiwa mjane na mgonjwa. Mafundisho ya utendi huo juu ya mume, ibada na mwenendo yamejadiliwa sana, na wahakiki wa kike wameyauliza maswali ya haki juu ya utii anaoagizwa binti. Hapa tunaongeza jambo moja tu. Utendi huu ni mojawapo ya kazi chache za kale ambamo mwanamke anayeona mwisho wake anasema mwenyewe. Katika Mwindo, Nyamwindo anazaa na hadithi inamwacha. Katika Kitereza, Bugonoka anazeeka pembeni ya mumewe. Mwana Kupona anamwita bintiye akae karibu, ashike wino na karatasi. Anayaeleza masharti ya kupokewa kwake mwenyewe, na anajua kwamba akichelewa hayatapokewa.

Shaaban Robert aliifanya kazi hiyo mara mbili. Katika Maisha Yangu, baada ya kufiwa na mkewe Amina, aliwatungia watoto wake tenzi za wosia: Adili kwa ajili ya mwana, na Hati kwa ajili ya binti. Halafu akarudi tena kwenye wasifu wake chini ya anwani Baada ya Miaka Hamsini. Anwani hiyo inastahili kutazamwa kwa makini. Mtu anayeandika "baada ya miaka hamsini" ameweka alama njiani. Anasema kwamba hadi hapa nilikuwa mtumishi, na kuanzia hapa niwe mtu wa kukusanya na kukabidhi. Ni matarajio ya mtumishi wa serikali ya kikoloni aliyefanya kazi ofisini tangu ujanani, aliyeona kustaafu kuwa mlango wa kuingilia katika uandishi wake kamili.

Alizaliwa tarehe 1 Januari 1909, akafariki Juni 1962. Uzee alioutarajia ulidumu miaka mitatu na miezi michache. Sehemu hizo mbili za wasifu wake zilikuja kuunganishwa katika kitabu kimoja baada ya kufa kwake. Hata hivyo hatuwezi kusema kwamba alishindwa, kwa kuwa hakuungoja uzee ndipo akabidhi. Adili na Hati zilitungwa akiwa na nguvu, watoto wakiwa wadogo. Kama angalisubiri miaka hamsini ili aanze, tungalirithi utangulizi tu.

6. Mushaki: mpokeaji yupo, kinachopokewa hakipo

Mushaki iko juu ya Sake, kwenye barabara itokayo Goma kupanda kuelekea Masisi. Ni nchi ya vilima vya malisho, ng'ombe na jibini, maharagwe na viazi. Ni nchi pia ambayo vita vimeipitia mara nyingi. Mwaka 1993 mapigano yaliyoanzia Walikale yalienea Masisi yote. Desemba 2007 palipiganiwa Mushaki yenyewe, na mwaka 2023 palipiganiwa tena. Kila mara watu waliteremka Sake na Goma. Wengi waliishia katika kambi za pembezoni mwa mji, kama Bulengo, nazo kambi hizo zikavunjwa mapema mwaka 2025, wakaambiwa warudi.

Mwandishi wa makala haya yumo katika muongo wa nne wa maisha yake. Kwa hiyo halizungumzii suala hili kama mtazamaji tu, bali kama mtu aliyewekewa utotoni mfano wa kuzeeka na ambaye sasa anaupima. Mfano wenyewe ulikuwa wa kawaida: kilima kinachojulikana kwa jina la babu, shamba lenye mipaka ambayo wazee wawili wanaweza kuionyesha bila karatasi, wajukuu wa kutumwa maji, na nafasi kwenye baraza la wazee, ambalo kwetu Kivu huitwa barza. Hakuna aliyetuahidi pensheni. Waalimu wengi tunaowajua wanaendelea kufundisha wakiwa na mvi kwa sababu hawana kingine cha kutegemea. Matarajio yetu hayakuwa juu ya malipo. Yalikuwa juu ya kilima na watu.

Tuuchukue sasa mfano huo tuupeleke katika hema. Mzee aliyeteremka kutoka Mushaki ana watoto na wajukuu wengi, tena wako karibu naye kuliko alivyowahi kutaka, wote chini ya turubai moja. Hofu ya Myombekere haimhusu. Hakuna mamlaka ya kugombania, hivyo hofu ya Shemwindo haimhusu pia. Muda anao, kwani kutwa nzima hana kazi. Kwa vipimo vya kazi tulizozichunguza, huyu angepaswa kuwa mzee asiye na hofu. Lakini anayoyajua ni ya mahali. Anajua ni mbuga ipi hufurika, ni mti upi ni mpaka, ni nani aliazimwa shamba na babu ya nani, kwa masharti gani. Maarifa ya namna hiyo hayasimuliki mbali na kilima chenyewe. Mjukuu aliyekulia kambini anasikiliza kwa adabu, lakini hana cha kuelekezea kidole. Baada ya muda mzee anaacha kusimulia. Wanamwita bado "muzee", ila neno limebaki tupu.

Hii ndiyo hofu ya nne. Mpokeaji yupo, na kilichokuwa kikipokewa kimeondolewa. Hapa ndipo suluhisho la Tubondo linapotutatiza. Utendi uliona kwamba vizazi viwili vinaweza kupatana kila kimoja kikipewa mlima wake, lakini haukuwaza hali ambayo hakuna mlima wa kumpa yeyote. Kijana asiye na mlima hawezi kumngoja baba yake kwa subira. Atautafuta mlima kwa njia nyingine, na njia zilizopo Masisi tunazijua. Kundi lenye silaha humpa kijana cheo ambacho barza haiwezi tena kumpa. Methali husema kwamba penye wazee haliharibiki neno. Methali hiyo inachukua kwamba wazee wana mahali pa kukalia.

Fasihi ya Kiswahili bado haijamwandika vya kutosha mzee huyu. Imemwandika mkimbizi kijana, mjane na mtoto. Mzee inapomtaja humfanya picha ya huruma, mtu wa kubebwa mgongoni, au inamrudisha katika kazi yake ya zamani ya kutoa methali. Yote mawili yanamkosea. Anayebebwa mgongoni amebeba ramani ya kijiji kizima kichwani, nayo haina pa kutandazwa.

7. Hitimisho

Tumeona kwamba hofu ya kuzeeka, katika kazi tulizozichunguza, humhusu mpokeaji. Hayo yana matokeo mawili kwa kazi yetu ya uhakiki. Kwanza, mhusika mzee asisomwe tena kama kinywa cha hekima. Aulizwe anamwogopa nani, anamngoja nani, na ana nini cha kukabidhi. Shemwindo akisomwa hivyo hana budi kuonekana mtu, wala si mtawala katili tu, na kurasa za Kitereza zilizodhaniwa kuwa nzito zinaonekana kuwa ndizo moyo wa kitabu.

Pili, kazi hizi zinatufundisha namna ya kutenda. Rureke alimsimulia mtafiti. Kitereza aliandika bila kuwa na hakika ya kuchapishwa. Mwana Kupona hakungoja apone, na Shaaban Robert hakungoja astaafu. Wote walitengeneza mahali pengine pa kukabidhia walipoona kwamba mahali pa kawaida pana mashaka. Wanafunzi wetu wa Masisi na Walikale wanao wazee nyumbani au mahali walipohamia. Badala ya kuwatuma kila mwaka wakakusanye methali, ambazo tunazo tele, tuwatume wakaandike majina ya vilima, mito, mipaka na njia, na hadithi ya kila jina, kwa Kihunde, Kinyanga, Kinyarwanda au Kiswahili, vyovyote mzee atakavyopenda kusema. Kitabu hakiwi kilima. Lakini mjukuu aliye nacho mkononi, siku akipanda tena barabara ya Mushaki, atakuwa na la kumwuliza mzee, na mzee atakuwa na la kujibu.